Anzia kwenye boga lililodondoka: uzazi wa mimea kwa shule za mashambani

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya kutwa upande wa Magarini, juu ya Malindi. Darasa langu lina wanafunzi 61, maabara hatuna, na hadubini tunaiona kwenye picha tu. Kila nikifika mada ya uzazi wa mimea, watoto wanakariri majina ya sehemu za ua, wanapita mtihani, na muhula unaofuata hakuna anayekumbuka kitu. Nimeshauriwa nitumie mifano ya mashambani, lakini mara ya mwisho nilipowatoa nje wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba watoto wao wanalimishwa badala ya kusomeshwa. Nianzie wapi, na ni mimea gani inayofaa huku kwetu?"

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka Malindi mjini.

Anzia kwenye hasara. Usifungue mada kwa mchoro wa ua wenye mishale kumi na miwili. Liulize darasa: nani kwao maboga yalitoa maua tele, kisha viboga vikageuka manjano na kudondoka? Mikono itanyooka. Nani amemenya hindi akalikuta lina mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno? Itanyooka zaidi. Na nani ana mpapai nyumbani, mrefu, wenye afya, ambao haujawahi kuzaa hata papai moja? Hapo hutahitaji tena kuuliza, watakuwa wanasimuliana wenyewe. Ndani ya maswali hayo matatu kuna karibu mada yako yote, na watoto wameishi nayo miaka mingi bila kuambiwa kwamba ni sayansi.

Nilifundisha baiolojia muda mrefu, kwanza Lamu kisha huku, na nimeona kitu kilekile ulichokiona wewe. Mtoto anayekariri neno "ovari" kutoka kitabuni hana pa kuliweka. Mtoto aliyewahi kukishika kiboga kichanga kilicho chini ya ua, akaambiwa hicho ulichoshika ndicho ovari, hulisahau kwa shida sana.

Kwa hiyo mmea wa kwanza uwe boga. Maua yake ni makubwa, hayahitaji lenzi, na dume na jike yamekaa mbalimbali kwenye mmea mmoja. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba, na katikati limesimamisha kijiti kimoja chenye unga wa manjano unaonata kidoleni. Hiyo ndiyo chavua. Ua jike lina kikonyo kifupi, na chini ya petali zake, hata kabla halijafunguka, kuna kiboga kidogo kama ndimu changa. Waache watoto wayatenganishe wenyewe. Darasa la watu 61 ligawe makundi ya sita sita hivi, kila kundi lipate maua mawili, na usiseme lipi ni lipi mpaka wabishane.

Jihadhari na saa. Mara ya kwanza nilipojaribu somo hili nilipewa kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana. Tulifika shambani karibu saa sita na kila ua lilikuwa limejifumba na kunyong'onyea. Nilikuwa nimewaahidi watoto kitu cha kuona, nikaishia kuwaeleza kwa maneno, na niliona kwenye nyuso zao kwamba nimewapoteza. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limemaliza kazi yake. Omba kipindi cha kwanza cha asubuhi, hata kama itabidi ubadilishane na mwalimu wa hesabu.

Jaribio lenyewe ni la uzi na vitambaa. Jioni, watoto wawili watatu wanaoishi karibu na shamba watafute matumba ya maua jike yaliyo tayari kufunguka kesho yake. Utayajua kwa ncha zilizoanza kuwa na rangi ya manjano. Wafunge matumba sita kwa uzi ili yasifunguke, na wafunge madume machache pia. Asubuhi, matumba matatu ya jike yafunguliwe, yapakwe chavua kwa kuchukua ua dume, kulichambua petali na kusugua kile kijiti katikati ya jike, kisha yafungwe tena. Yale matatu mengine yaachwe yamefungwa vilevile. Na matatu mengine ambayo hayakuguswa kabisa, yaachiwe nyuki. Kila kikonyo kifungwe kitambaa cha rangi yake. Baada ya siku nne tano, viboga ambavyo havikupata chavua huanza kuwa manjano na kunywea, kisha huanguka. Vilivyopata hunenepa mbele ya macho yenu.

Tumia matatu kila upande, usitumie moja moja, kwa sababu panya, jua kali au mguu wa mtoto unaweza kuharibu ua moja na kuwapotosha. Hapo umefundisha pia maana ya kurudia jaribio.

Kutoka hapo mtoto ataeleza mwenyewe kwa nini mama yake hulalamika kwamba maboga "yanapukutisha". Maua ya mwanzo kwa kawaida huwa madume matupu, wiki nzima au zaidi, na hayo lazima yaanguke, si ugonjwa. Lakini viboga vichanga vikianguka vingi, tafuta nyuki wako wapi. Kando ya mto Sabaki, ambako watu wanamwagilia matikiti na nyanya, utakuta dawa ya wadudu inapigwa saa mbili asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Tikiti lina maua dume na jike kama boga, na linategemea nyuki vilevile. Kusogeza dawa hadi jioni, maua yakishafumba, ni jambo ambalo mtoto wa miaka 14 anaweza kumweleza babake kwa adabu na kwa sababu. Nimeona ikitokea.

Wakiwa bado wana unga wa manjano vidoleni, wasimulie kisa cha Edmond Albius. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, humuhumu katika Bahari ya Hindi, Edmond alikuwa mtumwa mwenye umri wa miaka 12. Mabwana walikuwa wameleta vanila kutoka Meksiko. Ilistawi, ikatoa maua, lakini ilikuwa haizai, maana wadudu wa kuichavusha walibaki kwao. Yeye akatumia kijiti na kidole gumba kuinua kile kiwambo kinachotenga dume na jike ndani ya ua, akabonyeza, na vanila ikazaa. Njia ya kuchavusha kwa mkono inayotumika hadi leo ni ileile yake. Watoto wa darasa lako wana umri kama wake, na huwa wananyamaza kabisa wakisikia hivyo.

Mmea wa pili uwe mahindi, kwa sababu hayahitaji nyuki. Mbelewele, lile shada la juu, ndilo dume, nalo humwaga chavua kwa mamilioni ikachukuliwa na upepo. Ndevu zinazotoka kwenye hindi ndizo jike. Jambo ambalo wakulima wengi hawajaambiwa ni kwamba kila uzi mmoja wa ndevu umeungana na punje moja. Uzi uliopata chavua hutoa punje. Uliokosa huacha pengo. Basi.

Hili lionyeshe, usilihadithie tu. Chukua hindi ambalo ndevu zake zimetoka siku nne au tano zilizopita. Kwa kisu kikali chana maganda kwa urefu na uyatoe taratibu bila kuvuta ndevu. Lishike kwenye kitako, ncha ikiangalia chini, ulitikise polepole. Ndevu zilizokwisha kufanya kazi yake zitaachia na kuanguka. Zilizokosa chavua zitabaki zimeshikilia, na watoto watazihesabu, pengo moja moja, kabla punje hazijajaa. Sijui somo lingine la sayansi ambalo kwa kisu kimoja tu linamwonyesha mtoto urutubishaji umefika wapi. Ukiweza kupata ruhusa ya mwenye shamba, funika hindi moja changa kwa bahasha ya kaki kabla ndevu hazijachomoza, uliache hivyo mpaka mbelewele zote zimekauka. Utapata gunzi tupu. Liweke darasani mwaka mzima.

Wakiwa na mahindi mikononi waambie wahesabu safu za punje. Watapata 12, 14, 16. Daima shufwa, kwa sababu maua jike hujipanga mawili mawili kwenye gunzi. Atakayesema amepata 13, mwambie ahesabu tena.

Mahindi yanajibu maswali mengine ya huku. Kwa nini mstari mmoja wa mahindi kando ya ua wa nyumba huwa na mapengo mengi kuliko kitalu cha mraba? Upepo hupeperusha chavua nje ya mstari, na hakuna jirani wa kuipokea wala wa kurudisha yake. Kwa nini ncha ya hindi mara nyingi huwa kipara? Ndevu za kitako hutoka kwanza na za ncha mwisho, na kiangazi kikikaza wakati huo ndevu huchelewa hadi mbelewele zimeishiwa. Pengine pia punje za ncha hupata chavua lakini mmea wenye kiu huziacha zife. Kwa nini hindi jeupe lina punje chache za manjano? Jirani alipanda ya manjano na upepo haujui mpaka. Na kwa nini mbegu ya mahindi ya Pwani Hybrid, PH1 au PH4, uliyonunua dukani, ukihifadhi punje zake na kuzipanda tena, hutoa mahindi yasiyolingana? Hizo ni chotara. Wazazi wake ni wawili tofauti, na watoto wa chotara hutawanyika, kila mmoja na sura yake. Hilo la mwisho linamgusa kila mzazi mfukoni.

Utasikia vicheko ukisema dume na jike. Usikemee. Maneno hayo nyumbani hutumika kwa mbuzi na kuku kila siku, hayana matusi, na ukiyataja bila haya wataacha kucheka kufikia kipindi cha pili. Kuhusu lugha, najua mtihani utakuja kwa Kiingereza. Mimi hupanda ngazi: kwanza jina la nyumbani, iwe Kigiriama au Kibajuni, kisha Kiswahili cha kitabuni, yaani chavua, stameni, stigma, uchavushaji, urutubishaji, na Kiingereza mwisho, kitu chenyewe kikiwa mkononi. Ukianza na Kiingereza unaning'iniza neno hewani.

Sasa mnazi. Hapa sisi watu wa Pwani tuna utajiri ambao kitabu cha darasani hakiugusi. Kiswahili kimeshautaja uzazi wa mnazi hatua kwa hatua: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Mtoto yeyote wa Magarini anajua angalau manne kati ya hayo. Na kwa kuwa mnazi hutoa karara jipya, yaani kifuko cha maua yake, karibu kila mwezi, na tangu kuchavushwa hadi nazi kukomaa ni kama mwaka mzima, mti mmoja unazibeba hatua zote hizo kwa wakati mmoja, kutoka juu kwenda chini. Hiyo ni chati ya uzazi iliyosimama uani mwa shule. Mwombe mkwezi akuangushie karara moja lililopasuka jana au juzi. Lifungue mezani: vijimaua vingi vidogo kwenye matawi ya panda ni madume, na vile vichache vya duara vilivyo kwenye shina la kila tawi ni majike, vidaka vya kesho. Katika minazi yetu mirefu madume humwaga chavua na kumalizika kabla majike ya karara hilohilo hayajawa tayari. Kwa hiyo mnazi mrefu kwa kawaida hupata chavua ya mnazi mwingine. Ule mfupi nyakati hizo mbili hupishana kidogo tu, hivyo hujichavusha wenyewe mara nyingi. Ndiyo sababu mbegu ya mnazi mfupi hufanana na mama yake, na ya mrefu huleta mchanganyiko.

Mgema naye ni mwalimu wa mada hii. Anafunga na kukata karara kwa kotama likiwa bado halijafunguka, utomvu uliokuwa uende kulisha maua na nazi ukachuruzika kwenye kibuyu. Waulize watoto: mti unaogemwa tembo mwaka mzima, nazi zake ziko wapi? Waache wajibu. Huna haja ya kuingia kwenye mjadala wa pombe. Swali ni la mimea.

Pia, vidaka vikianguka kwa wingi, kuna sababu mbili za kuzungumzia. Mnazi hujipunguzia wenyewe, na hilo ni la kawaida. Lakini pia kuna kunguni wa minazi anayefyonza vidaka. Wale siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani, maji moto, humfukuza. Watu wengi huchoma viota vya maji moto kwa sababu wanauma. Likumbushe darasa gharama yake.

Nazi iliyoanza kuota ipasue mbele yao. Ile joya nyeupe laini waliyoila tangu utotoni ni sehemu ya mche mchanga wenyewe, inayonyonya chakula kilichowekwa ndani ya nazi na kuupelekea mche unaochomoza kwenye jicho moja lililo laini kati ya macho matatu. Wape waonje. Hawatasahau.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mbegu. Kwa uzazi usio wa mbegu usihangaike na viazi vya Ulaya vilivyo kitabuni, tumia muhogo. Kipande cha shina unachopanda kitazaa muhogo uleule, bila tofauti. Hiyo ndiyo faida: muhogo mtamu wa bibi, ule wa aina ya Kibandameno, unabaki mtamu kwa mjukuu. Na hiyo ndiyo hatari: kama shina lilikuwa na ugonjwa wa batobato, majani yakiwa yamejikunja na mabaka ya manjano, kila kipande unachompa jirani kinabeba ugonjwa huo, kisha nzi weupe wanausambaza zaidi. Kibandameno hushikwa sana. Nendeni mashamba mawili matatu ya jirani na daftari, mhesabu mimea mizima na yenye dalili, halafu darasa liamue mbegu ingechukuliwa kwenye mashina yapi.

Na hapa kuna kisa kinachounganisha aina zote mbili za uzazi. Muhogo unaoitwa Kaleso huku Pwani, na Namikonga kule Tanzania, ulitokana na kazi ya watafiti wa kituo cha Amani, milima ya Usambara, katikati ya karne iliyopita. Walichukua chavua na maua, wakachanganya muhogo na jamaa yake, ule mti wa mpira ambao majani yake baadhi yetu tunayala kama kisamvu. Katika vizazi kadhaa wakapata mche mmoja uliostahimili magonjwa. Mche huo ulizaliwa kwa mbegu. Tangu hapo umeenea kwa vipande vya shina, kutoka mkono hadi mkono. Mwanafunzi akielewa kisa hicho, ameelewa kwa nini mmea unahitaji njia zote mbili.

Mpapai malizia haraka: mti dume una vishada virefu vinavyoning'inia, jike lina maua manene yaliyobana kwenye shina, na ipo miti yenye vyote viwili katika ua moja. Huwezi kujua mpaka mti utoe maua, basi panda miche mitatu kila shimo na upunguze baadaye. Wengine wanapigilia misumari kwenye mti dume ili uzae. Lijadilini hilo darasani, lakini msumari haubadilishi chavua kuwa ovari. Kanju nayo dakika tano: lile tunda lenye juisi ni kikonyo kilichovimba, tunda halisi ni korosho inayoning'inia chini. Na kama kuna mbuyu karibu, waambie wanaoishi jirani wautazame jua linapotua wakati wa maua. Hufunguka jioni, popo huja usiku, na siku ya pili maua hunyauka na kudondoka. (Ungekuwa Lamu, ningekuambia uanze na mkoko, ambao mbegu yake huota ingali mtini na kushuka ikiwa mche tayari kama mshale. Lakini kama shule yako iko mbali na bahari, liache hilo.)

Kuhusu wazazi. Wana haki ya kushtuka, kwa sababu katika shule zetu jembe limetumika kama adhabu kwa miaka mingi, na wao wenyewe waliadhibiwa nalo. Weka sheria tatu na uwatangazie. Hakuna mtoto aliyechelewa au aliyekosa atakayetumwa kwenye shamba la somo. Hakuna mavuno yatakayokwenda kwa mwalimu. Na kila atakayetoka nje atarudi na daftari lenye hesabu: viboga vingapi vilishika, vingapi vilianguka, punje ngapi, mapengo mangapi. Kisha waalike wale wawili waliolalamika. Mwombe mmoja wao, kama ana shamba, awaonyeshe watoto jinsi anavyochagua mbegu. Mzazi aliyeketishwa kama mjuzi wa jambo harudi tena kulalamika juu ya jambo hilo.

La mwisho ni kalenda, na ndilo linalowaangusha walimu wengi. Mada huja kwenye mpango wa kazi wakati hakuna ua hata moja shambani. Ukipanda boga na mahindi mvua za mwaka zinapoanza, katikati ya Aprili, boga litaanza maua kati ya wiki ya sita na ya nane, na mahindi yetu ya Pwani hutoa mbelewele karibu siku ya 55 hadi 60. Vyote viwili vinakutana Juni, muhula wa pili ukiwa katikati. Zungumza na mwalimu mkuu sasa, uisogeze mada hapo. Panda mistari minne mifupi ya mahindi kwa kitalu na mstari mmoja peke yake upande wa pili wa uwanja, mashina kumi ya boga kando ya ukuta, na anza kutafuta bahasha za kaki.